Dar ya miaka ya 70: bandari imejaa, duka la mtaani limekauka

Ukikaa na watu waliokuwa watu wazima Dar es Salaam miaka ya 70 utasimuliwa miji miwili tofauti. Mmoja atakwambia ule ndo ulikuwa mji bana, kodi ya chumba rahisi, shule ya msingi haina ada, Jumamosi dansi, na ukitembea usiku kutoka Kariakoo mpaka Magomeni hakuna wa kukugusa. Mwenzie atakwambia foleni tu, foleni ya unga, foleni ya sabuni, foleni ya basi, na gauni la sikukuu ni mpaka umjue mtu. Wanabishana mpaka jua linazama na hakuna anayemshinda mwenzie.

Mi naona wote wanasema kweli. Shida yetu ni kuuchukua ule muongo kama kitu kimoja wakati ndani yake kuna vipande visivyofanana kabisa, kuna Dar ya kabla ya 1973, kuna ya 1974 na 1975 ambayo ni ukame na mafuta kupanda bei, kuna ya 1976 na 1977 ambapo kahawa ilituletea hela nzuri, halafu kuna ya 1979 baada ya vita ambapo kila kitu kinaanza kulegea. Na wengi wetu tunachukua dhiki ya 1983 tunairudisha nyuma tunaibandika kwenye 1971, wakati mwaka 1971 hakuna aliyelala nje ya duka kusubiri sukari.

Sasa hoja yangu ni hii, na najua wapo watakaoikataa: dhiki iliyoupiga mji ule haikuanzia kwenye uhaba wa vitu peke yake. Uhaba ulikuwepo, pesa za kigeni zilikuwa finyu, hilo silipingi. Ila kabla ya uhaba kutushika vizuri tulikuwa tumeshakata ile njia ndefu ya watu wanaochukua mzigo kutoka gatini na kuufikisha mlangoni kwa mama wa Buguruni, tukadhani ni kazi ya karani yeyote mwenye stoo na stempu.

Tuanze na duka lenyewe. Vijana wa leo ukiwaambia duka la Mhindi au la Mwarabu wanaona kama jambo la ukabila tu, hawajui lilivyokuwa linafanya kazi. Duka la kona lina mzani wa mawe juu ya kaunta, gunia la sukari mdomo umekunjwa nje, debe la mafuta ya taa na kopo la kupimia. Mtoto anatumwa na chupa yenye kamba shingoni, mafuta ya thumni, sukari robo, majani ya chai ya senti kumi. Mwenye duka anakunja gazeti la zamani linakuwa kama pembe, anamimina sukari, anatazama mzani unavyolala, anapunguza chembe, anafunga. Kisha hapokei hela. Anavuta daftari kutoka chini ya kaunta, anaandika jina la baba wa yule mtoto na kilichochukuliwa, basi, mtoto anaondoka. Tarehe ya mshahara bandarini au reli ikifika baba anapita analipa, akibakisha kidogo kinahamia mwezi unaofuata.

Lile daftari ndo lilikuwa benki ya Ilala na Temeke na Magomeni, hakuna benki nyingine iliyomkopesha kuli sukari robo. Na mwenye duka mwenyewe naye alikuwa kwenye daftari la mtu, kule Kariakoo au Uhindini, kwa muuzaji wa jumla aliyempa magunia kwa mali kauli, na yule wa jumla naye anadaiwa na mwagizaji, na mwagizaji anadaiwa na benki. Kutoka melini mpaka kwenye pembe ya gazeti, mzigo ulishuka kwa mkopo na kwa kujuana, kila mmoja anajua wa chini yake analipa lini na anauza nini. Kulikuwa na kunyonyana humo? Kulikuwepo sana. Mizani ilichezewa, bei zilipandishwa Ramadhani, na mtu mweusi kupata nafasi ya kuwa muuzaji wa jumla ilikuwa ngumu kweli, milango ilifungwa kwa ndugu na madhehebu yao. Hasira ya watu ilikuwa ya haki na Mwalimu hakuitunga.

Basi likaja Azimio la Arusha Februari 1967, benki zikataifishwa, makampuni makubwa ya uagizaji na jumla yakaingizwa kwenye Shirika la Biashara la Taifa, STC. Shirika moja, ofisi Dar, linaagiza kuanzia jembe mpaka kijiko na kusambaza nchi nzima. Likazidiwa, 1973 likavunjwa zikaja kampuni za biashara za mikoa, zile RTC, juu yake kukawa na Bodi ya Biashara ya Ndani, na pembeni mashirika kila moja na bidhaa zake, HOSCO vitu vya nyumbani, DABCO baiskeli, BHESCO vifaa vya ujenzi na umeme. Mwaka huohuo 1973 ikaundwa Tume ya Bei kupanga bei halali za vitu kwa nchi nzima.

Katikati ya hapo, Aprili 1971, ikapitishwa ile sheria ya majumba. Jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambalo mwenyewe halikai lote likachukuliwa na serikali, likawa chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita kule Kariakoo na Ilala kwa sehemu kubwa hazikuguswa, zilizopigwa ni maghorofa ya Upanga, Kisutu, mtaa wa India na kuzunguka pale. Wapangaji wengi walifurahi, na nawaelewa, kodi za Msajili zilikuwa nafuu na mtu wa kawaida akaweza kupanga katikati ya mji ambako zamani alikuwa anapita tu. Mimi hilo nalihesabu kama jambo jema. Lakini kwa familia za Kihindi lile jengo lilikuwa ndo akiba yote ya maisha, ghorofa la chini duka, juu wanakaa na kupangisha, na dhamana ya mkopo ni hilohilo jengo. Maelfu wakafunga mizigo, wengine Uingereza, wengine Kanada. Waliondoka na madaftari yao kichwani. Aliyeingia kwenye ofisi ya RTC alikuta godauni na orodha ya bei, hakukuta ile habari ya nani Mbagala analipa kwa wakati na nani hafai kupewa hata kiberiti.

Twende gatini sasa, maana hapo ndo watu huwa hawaangalii. Gati za kwanza za maji marefu Dar zilifunguliwa 1956, tatu, kwa bandari iliyotarajiwa kuhudumia mkonge, pamba, kahawa na mahitaji ya Tanganyika, pamoja na ile sehemu ya Wabelgiji ya mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi. Novemba 1965 Ian Smith akatangaza uhuru wake wa kibaguzi kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na Zambia ikajikuta njia yake ya baharini iko mikononi mwa adui. Kuanzia hapo shaba ya Zambia ikaanza kuja Dar, kwanza kwa malori kwenye barabara ya vumbi na tope iliyoua madereva wengi, likaja bomba la mafuta la TAZAMA mpaka Ndola mwaka 1968, na Januari 1973 mpaka wa Zambia na Rhodesia ukafungwa kabisa. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga na reli ya Benguela. Fikiria sasa, nchi nzima yenye migodi mikubwa ya shaba, vipuri vyake, mbolea yake, ngano yake, yote inataka kupita kwenye mdomo mwembamba wa bandari yetu, ule ambao ukisimama Magogoni unaona mtu upande wa Kigamboni anavyopunga mkono.

Gati ziliongezwa na bado hazikutosha. Meli zilitia nanga nje zikasubiri zamu, na meli inayosubiri inalipiwa kila siku, gharama hiyo inaingia kwenye bei ya kila kitu kilichomo ndani. Mpaka Juni 1975 mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa, kwa hiyo mzigo wa Ulaya ulizunguka kusini mwa Afrika yote kabla ya kutufikia. Makontena yalikuwa bado, karibu kila kitu kilishuka kwa winchi na wavu na bega la mtu. Genge la makuli linaingia tumboni mwa meli, joto humo ndani halisemeki, gunia la unga au simenti linawekwa begani, kichwani kipande cha gunia kimekunjwa pembe kuzuia vumbi lisiingie machoni. Wakitoka shifti wote weupe kama wamepakwa chokaa. Nje ya geti upande wa Kurasini akina mama wana masufuria yao, ugali, maharage, samaki wa kukaanga, chai ya rangi, na wao pia wanakopesha, wanajua kuli yupi ni wa genge gani na analipwa lini. Mama wa sufuria hakuwa na stempu wala shirika, na hakuna siku makuli wa Dar walikosa chakula cha mchana kwa sababu ya mgawo kuchelewa. Hilo kwangu ni ushahidi mzito kuliko ripoti nyingi.

Halafu ikaja TAZARA, reli ya kwenda Zambia. Ujenzi ulianza 1970, reli ikakabidhiwa Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka New Kapiri Mposhi, mkopo wa Wachina usio na riba. Wengi wanajua hiyo sehemu ya uhandisi. Kinachosahaulika ni kwamba sehemu kubwa ya gharama za ndani, mishahara ya vibarua na kadhalika, ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani. Ndo maana nyumba za wakati ule zilijaa sahani na vikombe vya bati vyenye maua, chupa za chai, baiskeli, vitambaa, taa za chemli, vyote vya Mchina. Ilikuwa akili nzuri ya kukwepa upungufu wa pesa za kigeni, ila ilitubana pia, maana madukani mnapata kile kilichopo kwenye makubaliano, si kile ambacho mwenye duka ameona wateja wake wanakiulizia.

Mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta duniani ikapaa mara nne, mvua nazo zikakata, na vijijini ndo watu walikuwa wanahamishwa kwenye vijiji vya ujamaa, mashamba yameachwa nyuma. Chakula kikapungua, Shirika la Usagishaji la Taifa likaagiza nafaka nje kwa wingi, na meli za nafaka zikaja kujipanga kwenye bandari ileile iliyokwishajazwa na mizigo ya Zambia. Ndo unga wa yanga huo, wa mahindi ya njano ya msaada, ambao mpaka leo wapo wazee hawataki kuuona. Mji wakati huohuo unavimba, sensa ya 1967 ilikuta wakazi hawajafika laki tatu na ile ya 1978 ikakuta wamepita laki saba. Hawa wageni wote hawapo kwenye daftari la mtu yeyote. Wamejenga Manzese na Buguruni na Keko, wanahitaji sukari robo na mafuta ya thumni, na duka la ushirika linafungua saa tatu na kufunga saa tisa kwa sababu muuzaji ni mwajiriwa na mshahara wake hauongezeki akiuza sana.

Na hapa kuna kitu kidogo ambacho mimi huwa kinaniuma. RTC inatoa kwa bei ya serikali, bei ileile iwe ni mvua au jua, na faida iliyoachwa kwa muuzaji wa mwisho ni ndogo mno. Kumkatia mteja sukari robo, kupima mafuta ya thumni, kuandika deni, kumfuata mtu alipe, yote ni kazi, na kwenye orodha ya Tume ya Bei kazi hiyo haikuwa na bei. Kwa hiyo ikaacha kufanyika. Sukari ikitoka inatoka kwa kilo, taslimu, leo tu, anayepata ni mwenye hela ya kilo leo, tena mwenye muda wa kusimama. Kuli ambaye hela yake inakuja mwisho wa mwezi amekosa mara mbili. Ndo balozi wa nyumba kumi akaanza kuwa mtu wa kugawa sukari, na watu wakaanza kupanga mawe na makopo kwenye foleni ili nafasi isipotee wakienda kazini, na lile neno "mlango wa nyuma" likawa la kila siku.

Usafiri ulienda njia hiyohiyo. Kampuni ya mabasi ya DMT ilitaifishwa 1970, na 1974 ikaja UDA, Usafiri Dar es Salaam. Mabasi hayakuwahi kutosha kwa mji unaokua namna ile, vipuri vinataka pesa za kigeni, mafuta yamepanda, na asubuhi unaona watu wananing'inia mlangoni toka Magomeni. Ilifika mahali magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, kubana mafuta.

Kilichonishangaza zaidi ni 1976. Hapo tumeshapita 1974, tumeshaona kilichotokea, mvua zimerudi, baridi imeua mibuni Brazil na kahawa yetu inakwenda bei ambayo haijawahi kuonekana, na katika mwaka huo ndo inaanzishwa Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yafungwe nafasi yake ichukuliwe na ya ujamaa. Yani hata yule aliyebaki, mwenye kaunta ya mbao na daftari, naye afunge. Vijijini na wilayani walifunga kweli, sehemu nyingine watu wakabaki hawana pa kununua hata chumvi, mpaka ikabidi ilegezwe. Mtu anaweza kusema 1967 hatukujua, tulikuwa nchi changa, sawa. Kwa 1976 sioni cha kututetea.

Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika mpaka na Kenya ukafungwa, Kimbo na Blue Band na sabuni za Nairobi zikawa vitu vya magendo, na bandari iliyokuwa chini ya shirika la pamoja ikawa ya Mamlaka ya Bandari Tanzania. Mapema 1978 serikali ikalegeza uagizaji na hela ya kahawa ikaisha haraka, Oktoba Idi Amin wa Uganda akavamia Kagera, na malori, ya mashirika na ya watu binafsi, yakaenda vitani. Kufika 1979 kahawa imeshuka, mafuta yamepanda tena, na Edwin Mtei akajiuzulu uwaziri wa fedha baada ya kutoelewana na Mwalimu juu ya masharti ya IMF.

Pamoja na hayo sitaki mtu aseme mji ule ulikuwa wa huzuni, maana haukuwa. Ulikuwa mji wenye heshima yake duniani, wapigania uhuru wa kusini wote walipitia hapa, na Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975 Dar ilisherehekea kama ni yake. Vijana wana suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, sinema Avalon na Empire zimejaa, Marijani Rajabu na Safari Trippers wanapiga, Mbaraka Mwinshehe akija mjini watu hawalali, Simba wanafika nusu fainali ya Afrika 1974. Soko jipya la Kariakoo alilolichora Beda Amuli likafunguliwa 1975, na mpaka leo sijaona jengo la umma la mji huu lililofikiriwa vizuri kuliko lile, paa linakinga mvua na kuingiza hewa, na chini kuna nafasi ya kushushia mizigo. Mtu aliyechora lile alijua soko ni kushusha, kugawa na kupima, siyo kuta tu. Viwanja vya Sinza na Kijitonyama navyo vilipimwa wakati huohuo, na maelfu ya familia zikapata pa kujenga.

Huwa naambiwa kwamba walioharibu ni walanguzi na wahujumu, serikali ilipanga vizuri watu wakaficha mali. Wapo walioficha, sikatai. Ila tazama miaka inavyofuatana. Jumla imetaifishwa 1967, majumba 1971, RTC na Tume ya Bei 1973, Operesheni Maduka 1976. Sheria ya wahujumu uchumi na msako wa Waziri Mkuu Sokoine ni 1983. Mlanguzi mkubwa alikuja kukaa kwenye nafasi ambayo ilikuwa wazi kwa miaka, alichukua mzigo mlango wa nyuma wa godauni na akaufikisha mtaani, kazi ileile ya mwenye daftari, tofauti ni kwamba yeye alitaka taslimu, bei ya hatari, na hakumkopesha kuli.